Nilionesha mashine yangu Nane Nane kabla ya kuombea hataza. Soma hapa kabla hujapeleka ya kwako

Fundi wa Mwanjelwa

Wakuu, habari za majukumu. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika. Leo naandika kwa sababu Nane Nane inakaribia, na najua kuna vijana Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wanaochomelea usiku kucha wawahi kupeleka kitu uwanja wa John Mwakangale. Nawaomba msome kwanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Mwanjelwa, si mbali na soko la SIDO. Wazazi wangu ni wakulima wa viazi Umalila. Anayelima viazi anaijua kazi ya kuchambua. Mama anainama tangu asubuhi, baridi ya Juni, anatenga vya mbegu huku, vya chipsi kule, vikubwa pembeni, mpaka vidole vinakufa ganzi. Asipochambua, mnunuzi anampangia bei ya vidogo kwa gunia zima, na gunia lenyewe ni lumbesa.

Nikamtengenezea mama meza ya kuchambulia. Nondo zimelala kwa mteremko, juu zimebanana, chini zimeachana, kama vidole vya mkono unavyovifungua. Kila nondo nimeivika hosipaipu ili kiazi kisichubuke. Unamwaga viazi juu, unakanyaga pedeli ya baiskeli, meza inatikisika. Vidogo vinadondoka mwanzo, vya kati katikati, vikubwa vinafika mwisho. Kilichonichukua miezi ni jambo moja: bolti ya pembeni ambayo ukiizungusha, nondo zote zinaachana au kubanana kwa pamoja. Leo unachambua viazi vya Kikondo, kesho vya Sherekea, hubomoi kitu.

Niliipeleka Nane Nane. Watu walijaa. Akaja mtu mmoja mpole sana, akaniuliza maswali ya maana, akapiga video, akaomba aone chini. Nilichukua spana mwenyewe nikamfungulia. Nilifurahi kwamba kuna mtu anaelewa.

Miezi 14 baadaye niko Makambako nasubiri gari, naona mashine yangu imepangwa nje ya duka, tatu. Rangi tofauti. Nikainama kuangalia chini. Kwenye mkono unaobeba bolti kuna tundu la ziada. Tundu hilo nililitoboa kimakosa kwenye ile ya kwanza, halina kazi yoyote. Na wao wamelitoboa, mashine zote tatu.

Ndipo nikaanza kuulizia hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza kitu chake. Nikajibiwa kwamba kitu nilichokionesha mwenyewe mbele ya umma zaidi ya mwaka mzima uliopita si kipya tena, hata kwangu mimi niliyekitengeneza. Sikulala siku hiyo.

Sitaji duka wala mtu, sikuleta uzi huu kumshitaki yeyote. Nataka wenye ujuzi waweke mambo wazi hapa ili mwingine asipite nilipopita mimi.

Wakili wa Kihesa

Kamwene mkuu, pole sana. Nimeshughulikia mambo haya kidogo, acha niweke msingi.

Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, ilitungwa mwaka 1987. Msajili yuko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ili uvumbuzi upate hataza unatakiwa uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi, yaani mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo asione ni jambo la wazi tu, na uweze kutumika katika uzalishaji. Hayo matatu lazima yawepo yote.

Neno linalowaangusha watu ni "mpya". Upya haupimwi kwa Mbeya wala kwa Tanzania. Unapimwa kwa dunia nzima, na kila kilichokwisha kutolewa kwa umma kinahesabika: kitabu, video, maelezo ya mdomo, au mashine iliyosimama uwanjani watu wakaiona ikifanya kazi. Sheria haiulizi nani alitoa. Ukitoa wewe mwenyewe, umejitolea ushahidi dhidi yako. Kuna huruma ndogo kwa mambo ya maonesho rasmi, lakini miezi 14 haiokolewi na huruma yoyote, na mimi sijawahi kumshauri mteja aitegemee.

Jambo la pili ni tarehe. Watu wawili wakivumbua kitu kilekile, kila mmoja kwa akili yake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha ombi. Kutangulia kufikiri hakumsaidii mtu.

Mkulima wa Makete

Wakili, mimi nimeambiwa ukiandika kiapo kwa hakimu, au ukajitumia barua mwenyewe kwa posta ukaiacha bila kuifungua, muhuri wa tarehe unakulinda. Ni kweli?

Wakili wa Kihesa

Si kweli mzee wangu, na imani hii imewagharimu wengi. Kiapo au bahasha vinaweza kusaidia kuonesha kwamba siku fulani ulikuwa na wazo. Havikupi haki ya kumzuia mtu kutengeneza. Haki hiyo inatokana na hati ya Msajili tu.

Karatasi yenye maana kabla ya ombi ni mkataba wa kutunza siri. Ukurasa mmoja unatosha: nani anaoneshwa, anaoneshwa nini, haruhusiwi kusema wala kutumia. Unayemwonesha chini ya mkataba huo si umma, kwa hiyo upya wako hauguswi. Mwekezaji, fundi mwenzako wa kukusaidia kukereza, mtu wa benki, wote wasaini kwanza. Yule mpole wa Nane Nane angeambiwa asaini, angalau ungemjua jina.

Kijana wa Iyunga

Mimi nasoma uhandisi hapa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, mwaka wa mwisho. Kazi yangu ya kumalizia chuo ni kikaushio cha parachichi. Natakiwa kuiwasilisha mbele ya jopo, halafu ripoti inaingia maktaba. Pia nataka kuingia MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nimeusoma uzi huu nikaishiwa nguvu. Nifanyeje?

Wakili wa Kihesa

Usiishiwe nguvu, wewe bado una nafasi ambayo mwenzako hakuwa nayo. Ongea na msimamizi wako wiki hii. Mwombe ripoti isiwekwe wazi mpaka ombi liwasilishwe, na uwasilishaji ufanywe kwa watu wa ndani waliosaini kutunza siri. Mashindano yaje baadaye. Kwenye mashindano unaweza kueleza mashine inafanya nini na kikaushio kinaokoa nini bila kufungua kinavyofanya.

Uliza pia uvumbuzi ni wa nani. Kwa mwajiriwa, uvumbuzi uliotokana na kazi aliyoajiriwa kuifanya ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mwanafunzi si mwajiriwa, lakini kama umetumia fedha za mradi wa mwalimu au karakana ya chuo, soma kanuni za chuo kabla hujaandika jina la mwombaji. Ukimwacha nje mvumbuzi mwenzako, ugomvi utakuja siku mashine ikianza kuleta hela.

Mwalimu wa Ipogolo

Naomba kuchangia kama mwalimu wa fizikia, maana Iringa tuna mfano wetu. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu akaona mchanganyiko wa moto unaganda kabla ya uliopoa. Alipokuja kusoma Mkwawa hapa Iringa akamuuliza Dk. Denis Osborne, aliyekuwa amekuja kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na dunia nzima leo inasema "athari ya Mpemba".

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini hakupata hataza akawa tajiri. Nawaambia kile kilikuwa ugunduzi. Kama maji hufanya hivyo, yalikuwa yakifanya kabla yake, yeye aliona na akathubutu kuuliza. Sheria inatenga ugunduzi, nadharia za sayansi na mbinu za hesabu, havipati hataza. Lakini mtu akitengeneza jokofu linalotumia tabia hiyo kugandisha kwa njia mpya, jokofu hilo linaweza kuombewa. Wakili, nimekosea?

Wakili wa Kihesa

Hujakosea hata kidogo, Mwalimu, na mfano huo nitauazima. Ongeza kwenye orodha: mipango ya biashara, njia za kumtibu binadamu au mnyama kwa upasuaji au tiba, na aina za mimea na wanyama.

Mkulima wa Makete

Hapo kwenye mimea umenigusa. Nina kiazi changu nimekichagua miaka mingi, kinastahimili mnyauko kuliko vya majirani. Ina maana sina haki?

Wakili wa Kihesa

Una mlango mwingine. Kuna Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mbegu za Mimea ya mwaka 2012, inasimamiwa na Wizara ya Kilimo, si BRELA. Tanzania iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tarehe 22 Novemba 2015. Mbegu yako inatakiwa iwe mpya sokoni, itofautiane na zinazojulikana, mimea yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike ukiipanda tena na tena. Ulinzi wake ni miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Anza kwa kwenda TARI Uyole, taasisi ya utafiti wa kilimo, ongea na watafiti wa viazi, watakuambia kama ulicho nacho kweli ni aina tofauti au ni kiazi kinachojulikana kilichozoea udongo wako. Nakuomba usigawe mbegu mpaka ujue.

Chap wa Tunduma

Samahani wakuu, nasema kwa nia njema. Hataza ina faida gani kwa mtu wa hali ya chini? Mchina akitaka atakopi. Na mimi nauza mashine Nakonde ng'ambo, hati ya Dar inanisaidia nini Zambia?

Wakili wa Kihesa

Maswali mazuri, la pili kwanza. Hati inaishia mpakani. Hati ya BRELA ni ya Tanzania Bara tu, hata Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2008 na ofisi yao. Ukivuka Tunduma haikufuati. Lakini tuna njia mbili. Chini ya Mkataba wa Paris una miezi 12 tangu siku ya ombi la kwanza kuomba nchi nyingine ukiwa bado unahesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Na kuna ARIPO, shirika la nchi za Afrika la miliki ubunifu, makao yake Harare, ambapo ombi moja unaweza kutaja nchi kadhaa, Zambia na Malawi zikiwemo. Anayeuza ng'ambo kweli aifikirie, kwa sababu bila hati kule, mtu wa Nakonde akiitengeneza Nakonde na kuiuza hukohuko havunji sheria.

Kuhusu Mchina: mwenye hataza anaweza kumzuia mtu kutengeneza, kuuza, na pia kuingiza nchini. Kwa hiyo kontena likifika Dar na bidhaa inayovunja haki yako, una msingi wa kwenda mahakamani kuomba zuio na fidia. BRELA inasajili, haitembei madukani kukukamatia watu. Kazi ya kufuatilia ni yako, na kesi ina gharama, sifichi. Lakini kesi nyingi haziendi mbali. Barua moja ya wakili yenye namba ya hati humfanya mwenye duka aulize bei ya leseni.

Mipaka hii ina upande mwingine ambao mafundi wetu hawautumii. Kama hati inaishia mpakani, basi ya Ujerumani au Marekani nayo inaishia kwao. Hataza nyingi za huko hazikuombewa hapa kabisa, na nyingine muda wake umekwisha. Ingia Espacenet au Patentscope, tovuti za kutafutia hataza za dunia, bure, utakuta michoro ya mashine za kilimo, na kila kipande kimeelezwa, maana sheria inamlazimisha mvumbuzi aeleze vya kutosha ili fundi mwingine aweze kutengeneza. Hakikisha kwanza BRELA na ARIPO kwamba haina nguvu Tanzania. Ukishahakikisha, tengeneza kwa soko la hapa bila hofu.

Fundi wa Mwanjelwa

Wakili umenifungua macho. Niliingia Espacenet na simu, kijana wa jirani akinisaidia Kiingereza. Usiku mzima sikutoka. Meza za nondo zinazoachana zipo tangu zamani sana. Ile bolti ya kufungua zote kwa pamoja ndiyo sikuiona.

Sasa kuna jambo. Baada ya Makambako nilirudi karakana kwa hasira nikaendelea kuiboresha. Tatizo la ile ya kwanza ni kiazi kukwama kati ya nondo mbili, mama anapiga kwa fimbo kukitoa, kinachubuka. Nimefanya nondo moja itulie, inayofuata ipande na kushuka, hivyo hivyo hadi mwisho, kwa mhimili wenye kombo unaozungushwa na pedeli ileile. Kiazi kikikwama, nondo ya pili inakinyanyua inakisogeza mbele taratibu, kama mtu anayemwinua mtoto. Hii hakuna aliyeiona nje ya nyumba yangu. Je, nayo imekufa kwa sababu ile ya kwanza inajulikana?

Wakili wa Kihesa

Haijafa. Mashine ya kwanza sasa ni mali ya umma, na itahesabiwa dhidi yako kama ingekuwa ya mtu mwingine. Lakini nyongeza iliyo mpya inasimama kwa miguu yake. Usipige picha, usimwoneshe mtu, na uniandikie kwa faragha madai yako, yaani maneno yanayosema hasa ni nini unataka kilindwe, jinsi ungeyaandika mwenyewe.

Fundi wa Mwanjelwa

Amenijibu, na nimemwomba ruhusa niweke hapa maana ndilo somo kubwa nililopata.

Mimi niliandika: "Mashine ya kuchambua viazi yenye nondo 14 za milimita 10, zilizovikwa hosipaipu ya inchi moja, zenye pedeli ya baiskeli na mhimili wa kombo." Nilidhani nikitaja kila kitu nimelinda kila kitu.

Akaniambia: maelezo na michoro ni nyumba yako, madai ndiyo bikoni za kiwanja. Kila kitu unachokitaja kwenye dai kuu ni sharti. Ukisema nondo 14, mwenye 15 yuko nje ya kiwanja chako. Ukisema hosipaipu, anayevika mpira wa tairi yuko nje. Ukisema pedeli, anayefunga mota yuko nje. Yaani ningelipia ada, nikapewa hati, na yule wa Makambako angebadilisha mpira tu akaendelea kuuza huku hati yangu iko ukutani.

Tulipomaliza dai kuu lilisema, kwa ufupi: kifaa cha kuchambua mazao ya mviringo, chenye vipande virefu vilivyolala kwa mteremko na kuachana kuelekea chini, ambapo baadhi ya vipande vinapanda na kushuka kupita vingine ili kunyanyua na kusogeza zao lililokwama. Mpira, pedeli na bolti tukavipeleka kwenye madai ya chini yake. "Viazi" ikawa "mazao ya mviringo", kwa sababu kuna parachichi, vitunguu, machungwa. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Kijana wa Iyunga

Mkuu, umeomba hataza kamili?

Fundi wa Mwanjelwa

Hapana. Wakili alikuta mashine za kutenga mawe zenye fito zinazopanda na kushuka, akaona hatua ya kiuvumbuzi itabishaniwa. Sheria yetu ina hati ya matumizi, ngazi ya chini ya hataza, kwa ubunifu mdogo kama wetu sisi mafundi. Inataka kitu kiwe kipya na kitumike kwenye uzalishaji, hatua ya kiuvumbuzi haidaiwi. Inadumu miaka 7 na haiongezwi. Hataza ni miaka 10 tangu kuwasilisha, inaweza kuongezwa mitano mara mbili kama unaonesha inafanyiwa kazi nchini. Kwa mashine ya viazi miaka 7 inanitosha, nikichelewa zaidi ya hapo soko litakuwa limebadilika.

Ombi linaingia kwa mfumo wa BRELA wa mtandaoni, unahitaji namba ya NIDA. Unapakia ombi, maelezo, madai, michoro na muhtasari. Michoro alinichorea kijana wa chuo baada ya kusaini siri. Sikulazimika kuwa na kampuni, nimeomba kwa jina langu.

Wakili wa Kihesa

Na hati yoyote utakayoipata iandikie kumbukumbu kwenye simu, mkeo na mwanao wajue pia. Hataza ina ada ya kila mwaka, hata ombi likiwa bado linashughulikiwa. Nimeona hataza nzuri ikifa kwa sababu mtu alisahau kulipa, siyo kwa kuibiwa.

Pia sajili jina la mashine kama alama ya biashara. Miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10 bila kikomo. Hati ya matumizi itakwisha, lakini mkulima wa Umalila ataendelea kuulizia jina analolijua.

Chap wa Tunduma

Nakubali, nimeelimika. Fundi, ombi umeshapeleka? Na Nane Nane utakuja nayo? Nataka niione kwanza kabla sijaagiza mbili.

Fundi wa Mwanjelwa

Limeingia Jumanne, namba ya ombi ninayo na tarehe imeandikwa. Nitakuwa Uyole kuanzia tarehe 1, banda la upande wa mifugo. Njoo na mtu yeyote unayemtaka, mje na simu zenu mpige video. Spana namba 17 itakuwa juu ya meza, anayetaka kuona chini nitamfungulia.